Barafu ya Baba Mkwe

Kutoa barafu kwenye trei, nani asiyejua? Unaikunja huku, unaikunja kule, inalia kwa-kwa-kwa, kipande kimoja kinarukia chini ya friji, kingine kinaingia kwenye ndala yako, umemaliza. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wenye barafu ya kuchezea. Mama Pasi hakuwa nayo ya kuchezea.

Kila asubuhi, kabla hajagusa shati la mtu yeyote, alichomeka pasi, akachukua taulo dogo, akalikunja na kulipiga pasi mpaka likapata moto wa kiasi, ule unaoweza kuuwekea mkono bila kuuondoa. Akalitandaza mezani. Kisha alitoa trei kwenye friji, akaiweka juu ya lile taulo, akavuta kiti akakaa. Kusubiri ndiko kazi yenyewe. Ukiwa na pupa, vipande vinakatika vichwa na nusu inabaki imeng'ang'ania kwenye plastiki. Ukizubaa, vinaanza kutoka jasho, na jasho la barafu ile lilikuwa haki ya mtu. Alingoja mpaka asikie mlio mmoja mdogo, tki, ndipo aliposhika trei pande mbili na kuikunja mara moja tu, polepole, kama mtu anayekamua blauzi ya hariri. Vipande vikaangukia bakulini vizima, kila kimoja na kona zake.

Ungemuuliza kwa nini asiipitishe trei chini ya bomba kama binadamu wengine, yakaisha, angekutazama vizuri kabla hajakujibu. Kwanza, maji ya bomba yanakula kona za barafu, na kipande kisicho na kona si kipande, ni mabaki. Pili, chumba cha pili alikaa mzee ambaye akisikia bomba limefunguliwa, anageuza kichwa kabisa, kama ameitwa jina. Huyo alikuwa baba mkwe wake, na barafu yote ilikuwa yake.

Jina la Mama Pasi alipewa na mtaa, naye hakulikataa. Chumba cha mbele cha nyumba yake hakikuwa sebule tena, kilikuwa kiwanda: meza ndefu iliyofungwa blanketi na shuka juu yake, kamba za kutundikia kutoka ukuta hadi ukuta, mafurushi ya nguo za watu yaliyofungwa mafundo kila moja kivyake. Mashati ya watu wa ofisini, sare za wauguzi, mapazia ya hoteli ya pale kona, gauni za harusi zenye malinda ya kumtoa mtu machozi. Alipiga vyote. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mume mwema asiye na makuu, ila mume wa kwenye simu. Ukimtaka mwanzo wa wiki, yuko mpakani. Ukimtaka mwisho wa wiki, tairi limepasuka. Walikuwa na binti mmoja, mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kusoma.

Mzee alihamia kwao figo zake zilipochoka. Alikuwa fundi rangi maisha yake yote, na kwa maelezo yake mwenyewe hakukuwa na nyumba ya maana mjini ambayo haikupita chini ya brashi yake. Mtu mrefu, mkavu, wa maneno ya kuhesabika. Siku aliyofika alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi, akakagua ukuta kutoka juu hadi chini, akasema, "Huyu aliyepaka hapa alikuwa anawahi wapi?" Mama Pasi akacheka mpaka akajisahau kumpokea mkoba. Wakapatana tangu hapo.

Mara mbili kwa wiki mzee alipelekwa hospitali kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Shida ni siku za katikati. Mwili wake ulikuwa hautoi maji tena kama zamani, kwa hiyo kila alichokunywa kilibaki ndani, kikatafuta pa kukaa. Daktari akampimia: kikombe kidogo cha chai asubuhi, na maji ya siku nzima yasizidi trei moja ya barafu. "Yagandishe," alimwambia Mama Pasi. "Barafu inakaa mdomoni muda mrefu, kiu inadanganyika. Trei moja, asubuhi mpaka usiku. Akiomba zaidi, mkatalie."

Kusema kuna kazi gani? Wewe mkatalie baba mkwe wako, kisha uje unisimulie. Mkwe ni mtu ambaye hata chafya ukiwa mbele yake unaipiga kwa adabu. Wiki ya kwanza Mama Pasi hakuweza. Mzee akiita, "Mwanangu, nisaidie maji kidogo," yeye huyo, mbio, glasi juu ya sahani, mikono miwili. Angefanyaje? Amnyime maji mzazi wa mumewe, watu waseme nini?

Kufika mwisho wa wiki miguu ya mzee ilikuwa imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akashindwa kulala chali. Alikaa kitandani ameshika kingo za godoro, anavuta pumzi kwa shida, na kila pumzi ilikuja na sauti ya maji ndani yake. Walimkimbiza hospitali na teksi, Mama Pasi na ndala za rangi mbili tofauti miguuni. Mzee alipokwisha kuwekwa kwenye mashine, muuguzi mmoja mtu mzima akamvuta Mama Pasi pembeni.

"Nani anampa maji huyu?"

"Mimi. Akiomba, nampa."

"Unampenda?"

"Ni baba yangu."

"Basi endelea hivyohivyo," muuguzi akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Utamzika na adabu zako zote."

Neno lile lilimkaa kooni njia nzima. Alipofika nyumbani alipiga moyo konde, akaenda dukani kununua trei mpya, na tangu siku ile kazi ya kumnyima mzee maji akaichukua yeye, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuichukua.

Ndiyo akajifunza ule utaalamu wa taulo. Mwanzoni alikuwa akiigonga trei kwenye ukingo wa sinki, vipande vinapasuka, anampelekea mzee bakuli la vumbi la barafu. Vumbi linayeyuka kabla halijafika kooni. Mzee hakulalamika, alilitazama tu bakuli jinsi alivyoutazama ule ukuta. "Una haraka," akasema siku moja. "Rangi nayo ni hivyo. Mtu anaigusa kabla ya wakati, halafu analaumu brashi." Mama Pasi akalichukua lile neno akaenda nalo kwenye meza yake ya pasi, na hapo kwenye meza ndipo alipopata jibu, maana moto anaujua.

Kuanzia hapo mzee alipata kipande kizima. Alikiweka mdomoni, akafumba macho, akakaa kimya na shavu moja limevimba, mpaka kiishe. Halafu anafumbua macho na kuanza.

"Mwanangu, kimoja tena."

"Bado, Baba. Kinachofuata ni baada ya chakula."

"Chakula kiko wapi?"

"Kiko jikoni, bado kibichi."

"Basi kilete kibichi."

Walicheka, lakini Mama Pasi hakuinuka. Alichukua shati lingine na kuendelea. Moyoni alikuwa akijisikia vibaya kila mara, msidhani alizoea. Hakuna anayezoea. Alijikaza kisabuni tu, akaweka uso wa mtu mwenye kazi nyingi.

Mzee naye hakuwa malaika. Alipenda kukaa karibu na meza ya pasi, eti kupiga gumzo, kumbe jicho liko kwenye chupa ya kupulizia nguo maji. Siku moja Mama Pasi alirudi kutoka uani akaikuta chupa imepungua kwa kiasi ambacho hakuna shati lingeweza kunywa. Mzee alikuwa akitazama dirishani kwa bidii kubwa.  Kesho yake Mama Pasi akaijaza ile chupa maji ya wanga wa kukazia kola. Siku ile mzee alikunja uso mpaka jioni, na mara kwa mara alikuwa akiramba meno.

Sasa, kilichokuja kuharibu mambo kilikuwa heshima, hakikuwa kingine. Mama Pasi aliona si haki watu kunywa maji mbele ya mtu asiyeruhusiwa. Akaondoa glasi zote mezani. Jagi akalificha juu ya kabati. Binti yake akafundishwa akisikia kiu aende kwa jirani, na yeye mwenyewe, anayesimama juu ya mvuke wa pasi tangu asubuhi, alikuwa akitoka uani kimyakimya, anajibanza nyuma ya mlango, anakunywa kwa haraka kikombe cha plastiki alichokificha kwenye beseni la nguo. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mwizi naye hunywa hivyohivyo, amesimama, macho yanazunguka.

Siku hiyo alikuwa amenyanyua kikombe, yuko katikati ya mafunda, alipohisi kuna mtu. Akageuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti. Hakumtazama usoni, alitazama kikombe. Maji yalikuwa yakimchuruzika Mama Pasi kidevuni na hakujua ayafute au ayaache. Mzee akageuka akarudi ndani taratibu.

Jioni ile hakuomba barafu. Hakuomba hata kimoja. Aliletewa bakuli akalisogeza pembeni, akachukua simu yake, akampigia dada yake, tena kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. "Hapa maji yapo," alisema. "Yananywewa mafichoni. Mimi narambishwa barafu kama mtoto aliyeng'olewa jino." Mama Pasi alikuwa mezani na gauni la watu. Alisikia yote, akaendelea kupiga pasi linda lilelile mpaka likaanza kung'aa.

Shangazi hakukawia, kesho yake mchana alikuwa ameshafika. Ndiye dada mkubwa wa mzee, mama wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, akikukumbatia mbavu zinaomba msamaha. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyewalea wadogo zake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wameshakua. Alimtazama mdogo wake alivyokonda, akakiweka kikapu chake chini, akavuta kiti katikati ya chumba, akakaa.

"Mke wetu, njoo ukae hapa."

Mama Pasi akachomoa pasi, akaja akakaa.

"Mimi sikuja kugombana na mtu, nimekuja kuuliza. Huyu mzee amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Shangazi."

"Sasa mbona unamnyima maji?"

"Daktari ndiye aliyesema, Shangazi. Yana kipimo."

"Daktari ndiye aliyemlea?"

"Hapana."

"Aliyemlea ni mimi. Na mimi nilipokuwa namlea, akisema maji, anapewa maji. Hata mfungwa anapewa maji. Wewe unampa barafu kipande kimoja kimoja, halafu mwenyewe unakwenda kunywa nyuma ya mlango. Ni kweli, au wameongeza chumvi?"

"Ni kweli."

"Haya. Mimi sina la kuongeza."

Alikuwa nalo, tena tele, na aliliongeza lote. Mzee alikaa kwenye kiti chake anatazama vidole vyake. Mama Pasi aliinamisha kichwa. Lilikuwepo neno moja ambalo lingeimaliza ile kesi papo hapo, nalo ni kufa. Lakini unalitamkaje neno hilo mbele ya mkwe wako, naye amekaa pale na miguu yake, anakusikia? Unamwambiaje dada yake, nikimpa maji atakufa, huku mwenyewe anameza mate? Mama Pasi hakuweza. Akabaki na "daktari amesema", neno dogo, la kitoto, lililomfanya aonekane mkaidi.

Shangazi akatoa hukumu. Kesho anaondoka na mdogo wake. Kwake hospitali ipo, mashine ipo, ameshauliza. "Akae na watu wake," alisema, na hilo ndilo lililomchoma Mama Pasi kuliko yote.

Alimfuata Shangazi jikoni, wakiwa wawili tu, akamweleza. Akamwambia habari ya miguu kujaa, na ile pumzi yenye maji ndani, na muuguzi alivyosema. Shangazi alisikiliza, tena vizuri, machozi yakamlengalenga. "Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Nitampimia mwenyewe. Kwani mimi sijui kupima? Nimelea watoto wangapi." Mama Pasi akatazama ule uso uliojaa huruma, akaogopa zaidi.

Akampigia mumewe. Mume alikuwa njiani, upepo unavuma kwenye simu. "Mke wangu," alisema, "mimi nakuamini wewe. Lakini yule ni Shangazi. Mimi nitamwambia nini Shangazi?" Basi, msaada wa mume ukaishia hapo.

Aliwasha pasi akaanza kupiga nguo za mzee za kuondoka nazo. Na tusimpambe Mama Pasi bure: akiwa kwenye shati la kwanza alihisi nafuu. Kesho mchana atakunywa maji mezani, kwenye glasi, amekaa. Hataombwa tena na mtu akakataa. Lawama zimeisha, na mzee akipatwa na lolote, hatapatwa mikononi mwake. Alifika hapo kwenye mawazo yake, kwenye hilo neno "lolote", akaona ameshika kola ya shati yenye alama ya rangi ya kijani isiyotoka, na akajua kwamba mzee akienda na Shangazi hawezi kuumaliza mwezi. Alijua jinsi unavyojua pasi iliyopata moto bila kuigusa. Akalia. Alilia kwa kumpenda yule mzee na maneno yake machache, chozi likaangukia shati, naye akalipiga pasi palepale likaisha.

Asubuhi alifanya jambo pekee lililobaki kwenye uwezo wake. "Shangazi," alisema, "njoo nikuonyeshe barafu yake inavyotolewa."

Shangazi alishaichukua trei kabla hajamaliza kusema. Akaipiga kwenye ukingo wa sinki, pa, vipande viwili vikaruka, kimoja kikavunjika miguuni pake. "Si hiyo imetoka," alisema.

"Imetoka, Shangazi. Ila akila vilivyovunjika haoni kitu. Vinaisha kabla hajavisikia." Akatoa trei nyingine, maana aliweka ya akiba. Akapiga taulo pasi, akalitandaza, akaweka trei, akamwomba Shangazi akae. Wakakaa wote wawili mbele ya trei, kimya, na kukaa kimya kwa Shangazi ilikuwa kazi nzito. Ukaja ule mlio. Mama Pasi akampa aikunje mwenyewe, akamwekea vidole mahali pake. Vipande vikaanguka bakulini vizima vyote.

"Ehe," Shangazi alisema. Akakichukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. "Una mikono, mke wetu. Hilo sikunyimi."

"Hivyo ni vya mpaka usiku," Mama Pasi alisema. "Kimoja sasa, kimoja baada ya kula, hivyo hivyo. Akiomba katikati, unamkatalia."

"Nimesikia."

Mzee alikuwa ameshavaa, amekaa chumba cha mbele kando ya meza ya pasi, mkoba wake miguuni. Shangazi akamkalia mbele na bakuli mapajani. Mama Pasi alisimama karibu na meza yake, mikono nyuma, kwa sababu kumsahihisha Shangazi mbele ya watu kulikuwa jambo lisilowezekana. Shangazi akampa mzee kipande cha kwanza kwenye sahani ndogo. Mzee akakitazama, hakukitia mdomoni.

"Dada," akasema, "niongeze kimoja."

Mkono wa Shangazi ulikuwa umeshaingia kwenye bakuli. Haukumwuliza mwenyewe. Kikaja cha pili.

"Na kimoja."

"Chukua, mdogo wangu. Safari ndefu."

"Kingine."

Mama Pasi aliuma mdomo. Mzee aliendelea kuomba, kwa upole uleule, wala hakula hata kimoja. Alivipanga kwenye sahani, kimoja kando ya mwenzake, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kupiga mistari iliyonyooka. Shangazi aliendelea kutoa. Alitoa mpaka kucha zake zikakwaruza bakuli tupu, akainama kutazama, akashangaa kuona limekwisha.

"Dada," mzee akasema, "hii ilikuwa ya mpaka usiku. Nimeomba ndani ya dakika mbili, umenipa yote."

Shangazi akaliweka bakuli sakafuni.

"Na kwenye mkoba umeniwekea nini?"

Hapo Shangazi alianza kulia, bila sauti, na sauti alikuwa nayo. Alikuwa ameweka chupa kubwa ya maji ya njiani, ameifunga ndani ya fulana ili isionekane. "Nitakunyimaje?" alisema. "Wewe nilikubeba mgongoni. Ulikuwa ukilia usiku, naamka mimi. Nitakutazamaje unaniomba maji, nikwambie hapana? Mimi siwezi. Nakwambia ukweli, siwezi."

"Najua huwezi. Ndiyo maana siendi." Mzee alimshika mkono, mkono ulikuwa umelowa. "Ningekuwa na wiki moja kwako, nzuri sana, nakunywa na kushiba. Halafu ungelia zaidi ya hivi. Ile pumzi, dada, hukuwepo. Mimi niliyekuwa ndani yake naijua." Akakinyoosha kipande kimoja kwenye mstari wake. "Juzi niliona kikombe, nikakasirika. Nikasema huyu ananifanyia hila. Nimelala nawaza, kwani yeye anafaidi nini? Anachuma nini kwa kuninyima, zaidi ya kusemwa na wewe?"

 Nje mtu alikuwa akiita kuulizia nguo zake, Mama Pasi hakumsikia.

"Wanaonipenda wako wengi," mzee alisema, sasa akimtazama Mama Pasi usoni, jambo ambalo si kawaida kwa wakwe. "Wote hao watanipa maji. Wa kuninyima ninaye mmoja tu. Mwanangu, nilikukosea kwa dada yangu. Nisamehe."

Mama Pasi alitaka kusema yameisha, Baba, hakuna neno, kama watu wanavyosema. Alisema, "Nilikuwa naogopa utakufa." Neno likatoka lenyewe, mbele ya mkwe, mbele ya Shangazi, na paa halikuanguka.

"Hata mimi," mzee akasema.

Barafu ilikuwa imeanza kutoka jasho kwenye sahani. Mzee akachukua kipande kimoja, akakitia mdomoni, akaisogeza sahani kwa vidole viwili mpaka ukingo wa meza, upande wa Mama Pasi.

"Virudishe kwenye friji," alisema, shavu moja limevimba. "Nitaviomba baada ya muda si mrefu, mimi najijua. Nitaomba vibaya. Nikatalie."

"Nitakukatalia, Baba," alisema Mama Pasi, akaichukua sahani kwa mikono miwili.